Jalidi Bondeni

Alizaliwa Makete, mwezi wa saba,
nyuma ya jiko la mama, juu ya gunia la viazi,
asubuhi ambayo nyasi zilikuwa nyeupe
kana kwamba mtu amemwaga sembe akakimbia.
Tukamwita Jalidi.
Shingo nene kama kola ya koti la mtumba.

Mimi ndiye niliyemshusha Ubaruku.
Nilikuwa na kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga,
na chumba kimoja, na upweke wa vyumba vitatu.
Nikasema: huku hakuna baridi, atafurahi.

Juni alifurahi. Agosti alifurahi.
Oktoba jua likashuka kwenye bati,
likakaa, likakunja miguu, likaagiza chakula.

Na mimi nilikuwa nimemfunga.
Mnyororo wa mita moja na nusu, kwenye nguzo,
kwa kuwa mama mwenye nyumba anaogopa meno.
Saa mbili asubuhi nguzo ilikuwa na kivuli;
nilikiona kwa macho yangu, nikaondoka na amani.
Lakini kivuli hakifungwi mnyororo.
Kufika saa sita kilishahamia kwa jirani,
na maji kwenye sufuria
yalikuwa ya kunyonyolea kuku.

Nilirudi saa nane kuchukua spana.
Sikurudi kwa ajili yake. Naandika hili makusudi.

Ulimi wote nje, rangi ya zambarau iliyoiva,
mate mazito kama uji wa ulezi,
macho yakinitazama na kunipita.
Aliinuka kunilaki,
hata pale alitaka kunilaki,
miguu ya nyuma ikakataa.

Nikakimbilia barafu ya muuza soda.
“Usimshtue!”
Subilaga, mtoto wa nyumba ya pili, darasa la nne,
anafuga bata tisa na hamwogopi mtu.
“Mtoe juani kwanza. Fungua hicho chuma.
Maji ya mtungini, siyo ya barafu.
Anza na nyayo. Tumbo. Kwapa.
Hicho kitenge usimfunike, utampika kama kande,
mlaze juu yake.
Sasa pepea.
Pepea, kaka, unamwangalia nini?”

Nikapepea kwa mfuniko wa ndoo
chini ya mwarobaini, mtu mzima na ndevu zangu,
nikisema ndiyo, ndiyo, ndiyo.
Nikamwekea maji kiganjani, kidogo.
Akalamba. Akaacha.
Nikasahau kupumua.
Akalamba.

Bwana mifugo Tweve alifika na pikipiki yake inayokohoa.
Akampima. Akachoma sindano.
Akaitazama nguzo, akalitazama jua, akanitazama mimi.
“Wewe ungekaa hapo?”
Aliuliza taratibu tu, kama anayeuliza bei ya mchele.

Mnyororo nilimuuzia mnunua vyuma chakavu,
shilingi mia nane, nikanunua sabuni.
Tuna beseni mbili za udongo, moja ndani, moja nje,
na ile ya nje inahama siku nzima ikifuata kivuli;
Subilaga huihamisha nikiwa kazini,
malipo yake ni pumba za bata.
Tunatembea saa kumi na moja alfajiri.
Jioni nakwanza kuweka mgongo wa kiganja barabarani:
nikishindwa kuhesabu hadi saba
hatuendi popote, hata akilia mlangoni.
Paka wa mama mwenye nyumba amehamia kwetu.
Hatukumwalika.

Mama hupiga simu Jumapili, mtandao ukikatikakatika.
“Mwanangu Jalidi anaonaje joto la huko?”
“Anazoea,” nasema.
Hakuna anayezoea. Sijamwambia bado.

Usiku hulala kwenye saruji tupu, tumbo chini,
miguu minne imetawanyika kama kigoda kilichovunjika.
Mara nyingine kucha zake huanza kukwaruza sakafu,
haraka, haraka,
na hapo najua yuko Makete,
nyasi ni nyeupe.

Simwamshi.