Mkanda wa Saba

Mwaka ule Solapur nakala ilikuwa moja,
sinema zilikuwa mbili.
Sarasvati walianza saa tisa,
sisi wa Vijay saa tisa na nusu,
na katikati, maili mbili za vumbi na reli,
alikuwa mjomba wangu Dhondiram
na baiskeli isiyo na breki ya nyuma,
mkanda mmoja mmoja ndani ya kopo la bati
lililofungwa kwa mpira wa tairi kuukuu.

Tiketi yangu ni ya mbele kabisa:
benchi la mbao, kunguni bure,
shingo juu kama kuku anywaye maji.
Steringi ana kimo cha ghorofa mbili.
Nyuma yangu wafumaji wa zamu ya usiku,
pamba bado imewanata kwenye nyusi,
wanamwonya kwa sauti moja:
Nyuma yako! Nyuma yako, ndugu!
Naye, ajabu, anasikia.
Anageuka. Dishum!
Ngumi inafika kwanza, mlio unaifuata,
adui anapasua mlango, meza, mlango mwingine,
anaangukia magunia ya pilipili
na ukumbi mzima unapiga chafya.
Sarafu zinarukia kitambaa.
Hata Yallappa, anayedaiwa na muuza unga,
anarusha yake.

Mkanda wa sita, juu ya paa la kiwanda.
Chini mama amefungwa kamba,
taa ya mafuta inayumba ukingoni mwa pipa,
na ndugu aliyepotea utotoni
yuko upande wa adui, hajui,
bado hajui,
ingawa kovu lake na la steringi ni pacha,
tumeliona tangu mkanda wa kwanza
na koo zimetukauka kwa kumwambia.
Steringi anakimbia.
Anaruka.
Yuko hewani, suruali yake pana imejaa upepo

na kitambaa kikawa cheupe.

Kivuli cha nondo kikazunguka pale.
Miluzi. Miguu sakafuni. Dhondiram!
Jina la mjomba likatukanwa Kimarathi,
likatukanwa Kikannada, Kitelugu,
nami nikajikunja, nisijulikane ni wa ukoo gani.

Ndipo Yallappa akapanda juu ya benchi.
Alikuwa ameiona mara tisa.
"Tulieni," akasema, "nitamshikilia asianguke."
Akatanua mikono, akainua mguu mmoja,
akabaki hivyo.
Dakika ya tano tulicheka.
Ya kumi, mtu akamnywesha maji.
Ya kumi na tano, watoto tulikuwa tumemshika kiuno,
na hakuna aliyetaka ashuke.

Mlango ukafunguka, jua likaingia,
na mjomba ndani ya jua, shati limemganda,
kopo kichwani, ndara mguu mmoja tu.
"Treni ya mizigo!" akahema.
"Mabehewa hamsini na moja! Nimeyahesabu!"
Waliomtukana wakamrushia sarafu.
Hakuziokota. Alipanda ngazi mbili mbili
hadi chumba cha mashine,
akashuka, akashika usukani, akaenda zake
kufuata mkanda wa nane.

Nyuma ya mgongo wake, steringi akatua.
Akatua!
Na Yallappa akashusha mguu.

Juzi, kwangu Pune, nilimwekea mjomba filamu ile.
Ana miaka themanini na mmoja.
Alikuwa amezibeba filamu mia,
hajawahi kuketi hata kwa moja.
Aliuliza huyu mwana wa nani, yule mwana wa nani,
akamlaani adui, akadai chai.
Steringi alipokimbia juu ya paa
niliona nyayo zake zinaanza kuzunguka,
polepole, juu ya zulia.
Steringi akaruka.
"Hapa," akasema, "hapa mimi nilikuwa relini."

Halafu akapiga ukelele
hadi jirani akagonga ukuta.

Akaniomba nirudishe nyuma.
Nikarudisha.