Maji Yanayopanda

Mchana nalipwa Ghala, ghorofa ya tatu,
kuchora matumbo ya pampu:
parafujo moja moja, zimetolewa, zimening'inia hewani
kama nguo za mtoto kwenye kamba,
kila moja na namba yake,
kila moja na mstari mwembamba wa kuirudisha kwao.

Usiku, Mabela, mama keshalala,
kiyoyozi kinamshinda kukoroma,
nachora nchi isiyokuwapo.

Sirimbe, ndilo jina lake.
Vijana watatu wa Sohar wanaiundia mchezo wa simu;
wamenipa majina ya miji na idadi ya majoka,
yaliyobaki, wakasema, jaza mwenyewe.
Milima nimeiiba njia ya Sumail,
ile iliyovunjika vunjika kama biskuti mfukoni.

Kalamu ni ileile.
Vistari vya mshazari vinavyotia kivuli bondeni
ndivyo vinavyosema: hapa chuma kimekatwa.
Chuoni hawakunifunza hilo.
Nimejifunza kwenye mbavu za milima
isiyo na anwani.

Siku moja ramani ilibaki wazi kwenye skrini.
Mhandisi Thuwaini, kikombe cha karaki mkononi,
akatia kidole: "Huu mto unapanda kilima."
Ni mchezo, nikasema.
"Hata mchezo. Maji hayana kiburi, binti. Yanashuka."
Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka,
kicheko cha kulipia deni,
na usiku nikaugeuza mto.
Ukawa mtiifu. Ukawa hauna la kusimulia.

Mwezi wa tatu ikaja kazi ya falaji,
kijiji kimoja nyuma ya Izki.
Nikaenda na viatu vya usalama vilivyonizidi namba mbili.
Fundi alikuwa Shafiqul, mtu wa Sylhet,
miaka kumi na tisa anaziba nyufa za mfereji
kwa saruji ile ya kale, ya udongo uliochomwa.
Saruji, alisema. Saruji, nikasema.
Neno moja, na sote wawili tumelikuta njiani.

Akanionyesha:
maji yamefika ukingo wa wadi,
yameingia kisimani, yamekwisha.
Tukavuka kokoto, hatua sitini, magurudumu na mavi ya mbuzi,
na ng'ambo, kwenye kisima cha pili,
yakawa yanatoka, yametulia,
karibu kimo kilekile.

Mkono wake ukashuka, ukapita chini, ukapanda.
Hakuna mashine?
"Hakuna. Ya nyuma yanasukuma ya mbele.
Kama sisi kwenye foleni ya viza."

Nilikaa ukutani nikachora bila rula,
mpaka jua likanihamisha.

Mkato A–A:
changarawe, mchanga, udongo mgumu, njia ya maji.
Palipotaka alama tupu za kitabuni
nikaweka nilichokijua:
kila jiwe na mgongo wake,
kila tabaka na uzito wa lililo juu yake.

Usiku ule nikamrudishia Sirimbe mto wake.
Unazama chini ya Jangwa la Magadi,
unaibuka juu ya kilima, upande wa pili, bila kuomba ruhusa.
Kijana wa Sohar akaandika saa saba za usiku:
mchezaji atajuaje kuwa ni mto uleule?
Nikamjibu: aangushe ukuti huku,
avuke,
angoje.

Thuwaini alikaa na mchoro wangu kimya
mpaka karaki yake ikafanya ngozi.
"Nausikia unyevu," akasema,
na huyu ni mtu ambaye sifa huziweka benki.
Kisha akainama pembeni mwa karatasi,
penye mshale wa kaskazini.
"Lakini hili joka, futa."

Nikafuta kichwa. Nikafuta mbawa.
Mkia nikauacha:
umepinda kidogo, ncha yake kama mkuki,
na kaskazini
unaielekeza sawasawa.