Wino Mwekundu

Barua yangu ilirudi Jumanne,
imekunjwa vilevile nilivyoikunja,
neno moja limezungushiwa wino mwekundu.
Bwana Thackray, wa Hessle Road, mjini Hull:
miaka arubaini alipanga herufi za risasi kiwandani,
nyonga yake ya kushoto imekwisha,
jicho bado.

Nilikuwa nimeandika: upasuaji wako umechelewa.

Pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kubana nafasi:
"Binti, kilichochelewa kiko njiani.
Basi likichelewa nabaki kituoni,
nauli mkononi, shingo nimeinyoosha.
Lakini mkiniambia nirudi ndani, nivue koti,
nimwambie jirani asije tena kumlisha paka wangu,
hapo hakuna kilichochelewa.
Kuna mtu ameketi, ameshika kalamu, ameahirisha.
Tafadhali mwandike."

Nilicheka. Nikamsomea Doreen wa meza ya pili.
Hakucheka; mumewe yumo kwenye orodha hiyohiyo.

Katika Kiingereza chetu vitenzi hivi viwili
ni wapangaji wa nyumba moja,
na watu hubisha hodi mlango wowote ulio karibu.
Kompyuta hunipa barua mbili nichague,
na sote ofisini twaipenda ile ya kwanza:
ina upole wa ukungu, haina mtu ndani.
Kuchelewa hutokea, kama mvua.
Kuahirisha kuna mkono,
na mwezi ule mkono ulikuwa wangu.

Basi nikaandika upya. Tumeahirisha.
Tarehe kumi na nne Machi, saa mbili asubuhi.

Siku ikafika. Saa mbili ikapita, saa nne ikapita,
naye yu ukingoni mwa kitanda,
gauni la kufungwa kwa nyuma, soksi moja,
mguu mwingine umesimamisha vinyweleo kwa baridi.
Nikashuka kumwomba radhi.
"Sasa," akasema, "sasa ndiyo nimecheleweshwa!"
akatabasamu kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.

Jioni nilikuwa na kadi ya kumwandikia kaka yangu, Whitby.
Si mbali; ukiondoka baada ya chai unakula naye mchana.
Mwaka wa sita huu, tangu mazishi ya mama.
Nikaanza: Desmond, samahani nimechelewa

kisha nikapekua mkoba,
mpaka chini, kwenye vumbi la biskuti na risiti,
nikitafuta kalamu nyekundu.