Mabafu Kumi na Moja

Hrachya hahesabu kwa dola.
Wakili alipomtajia elfu tano na mia mbili,
mbali na ada ya mahakama, mbali na mkalimani,
alitazama dari, midomo ikicheza,
kisha akasema: mabafu kumi na moja.

Ni fundi wa vigae, hapa Glendale.
Magoti yake yana sugu kama ya mcha Mungu,
ila yeye huinamia sakafu za watu.
Mimi nipo dawatini. Naandika risiti.

Miaka minne na miezi saba
ombi la mkewe limelala kwenye meza
ya mtu asiye na jina wala simu.
Ukiuliza, jibu ni moja: linashughulikiwa.
Nani analishughulikia?
Kauli ya kutendwa haimtaji mtendaji.

Siranush yuko Gyumri, mwalimu wa hesabu.
Vipimo vyake vya afya vimepitwa na muda mara mbili;
mara mbili kalipia upya,
sindano ile ile, mkono ule ule,
daktari yule yule akimuuliza kama bado hajaondoka.

Subira huvuta heri, husema watu.
Hawakusema kamba ya kuvutia
inauzwa shilingi ngapi.

Wakili akamfafanulia:
Hatuombi wakubali. Tunaomba waamue.
Wakitaka kusema hapana, na waseme.
Hrachya akaigeuza kofia yake mkononi.
“Nilipe mabafu kumi na moja niambiwe hapana?”
“Uambiwe,” wakili akasema. “Basi.”

Akalipa kidogo kidogo.
Januari, noti zenye vumbi jeupe la saruji;
nilizihesabu, vidole vikanikauka.
Machi, bei ya msumeno wake wa maji.
Mei hakuleta kitu, akaja kuniambia haleti kitu,
akaketi nusu saa akisoma kalenda yetu ya ukutani.
Juni akaliuza gari la kazi,
lile jeupe lenye ngazi juu,
lililosimama nyuma yake
katika kila picha aliyompelekea mkewe.

Serikali hupewa siku sitini kumjibu hakimu.
Siku ya hamsini na nane
faili likaamka.
Mahojiano: dakika arobaini.
Viza: wiki iliyofuata.
Na kesi ikafutwa, maana hapakuwa tena na la kuamua.
Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa,
hivyo hakuna wa kurudisha gharama.
Nilimuuliza wakili, hata senti?
Akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka karani mgeni.
Huu ni mwaka wangu wa tisa.

“Kumbe walikuwa wanaweza,” Hrachya alisema.
Sikuwa na risiti ya kumwandikia hilo.
“Siku zote hizo. Walikuwa wanaweza.”

Walikuja Oktoba, wote wawili, kwa basi,
na mkate mtamu wa kwao umefungwa kwenye taulo.
Siranush ni mfupi kuliko jalada lake.
Uwanja wa ndege, alinisimulia, alimuuliza mumewe:
liko wapi lile gari la kwenye picha?
Naye akamjibu:
si ndilo ulilokuja nalo.
Alinisimulia bila kucheka.
Kisha akaomba risiti. Zote.

Akazipanga mezani kwangu, akavaa miwani,
akajumlisha kwa kalamu ya risasi
polepole, kama anayesahihisha daftari la mtoto anayempenda.
Akarudia. Akanigeuzia karatasi.
Aprili nilikosea: nilipokea mia tatu na tisini,
nikaandika mia tatu na hamsini.

Nilifungua droo, nikamhesabia dola arobaini.
Ndizo pekee zilizorudi, katika safari nzima,
na zilirudi kwa sababu ya kosa langu.

Hrachya akatazama dari, midomo ikicheza.
“Safu moja ya vigae,” akasema.
“Ile ya chini kabisa. Nyuma ya mlango.”