Hesabu ya Sado

Shemeji Lomayani, weka panga chini, kaa.
Chai ipo, sukari haipo. Tuhesabu kwanza.

Mwaka ule plau ilipovunjika
kwenye kisiki cha mgunga, pale karibu na korongo,
ulisema: ng'oa yote, choma,
shamba la mjane lisigeuke kichaka cha fisi.
Sikung'oa. Usidhani ni busara:
sikuwa na nguvu, wala hela ya kibarua.

Nasieku ndiye aliyerudi kutoka shule
akisema kisiki hakijafa, kimelala.
Chini kina mizizi mirefu kuliko kamba ya kisima,
na kila masika kinachipua,
na kila masika tunafyeka, mbuzi wanamalizia,
kisha tunakaa kulalamika
kwamba Oldonyosambu imelaaniwa.

Tukachagua. Machipukizi mawili hapa, matatu pale,
yaliyonyooka. Mengine niliyakata kwa kisu cha jikoni.
Nikairarua shuka ya marehemu Saning'o, ile nyekundu,
nikafunga kila shina kitambaa
wachungaji wajue: hiki kina mwenyewe.
Ulinicheka njiani, mbele ya watu.
"Shemeji anaivalisha miti shuka,
kesho ataitahiri iwe morani."
Nilicheka na mimi. Kichekesho kilikuwa kizuri.

Sasa hesabu.
Mwaka wa kwanza, sado arobaini na moja za mahindi.
Mwaka wa pili, thelathini na sita.
Naam, zilipungua. Nilitoka usiku
nikaisemesha miti kama mtu anayedai deni.
Mti hauna aibu. Uliniangalia tu.

Mwaka wa tatu mvua ikakatika
wiki ile ile ya maua ya maharage.
Juani majani yalijikunja kama karatasi motoni.
Lakini kwenye kivuli, duara dogo,
pana kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa,
ukichimba kidole, udongo ulikuwa bado baridi.
Nilivuna hapo sado tatu.
Tatu, shemeji. Wewe ulivuna ngapi?

Kiangazi maganda yakadondoka,
mbuzi wakayatafuna usiku kucha, nikiwasikia,
na yule jike mweusi, aliyekauka tangu Sikukuu,
akatoa maziwa ya kujaza kikombe, kisha kibuyu.
Tukapika loshoro. Mdogo alikuwa ameisahau,
akauliza hiki ni chakula cha harusi ya nani.

Na kuni. Siendi tena mlimani,
napunguza matawi hapa hapa,
saa nne zilizobaki nazipeleka kwenye palizi.
Hizo saa hazina sado ya kuzipimia,
ila magugu yanazijua.

Sikudanganyi: mvua haikuongezeka.
Njaa nayo inakuja bado.
Ilikuwa inaingia Novemba, bila hodi;
siku hizi inafika Februari, imechoka njiani,
inakuta debe moja limefunikwa chini ya kitanda.

Ulitaka nguzo za boma. Fito nitakupa, shina hapana.
Na ule mkubwa, wa kwenye plau, usiuguse.
Vitambaa vingine nilivilegeza miti iliponenepa,
kile nilikisahau. Gome limekimeza,
umebaki uzi mwekundu, kama kope.
Ukikata hapo unakata shuka ya kaka yako.

Haya, kunywa.
Chai inapoa.