Pau Saba

Nyevu ameshika simu, kidole gumba juu ya saa.
"Sekunde thelathini," asema, "halafu nakukata."
Ana miaka kumi na mmoja na hana huruma,
ndiyo maana nimemwajiri
kwa maandazi mawili kwa siku.

Usaili ni Jumanne. Nairobi, ghorofa ya kumi na nne.
Watanisukumia karatasi, kisha watanyamaza,
na ndani ya kimya hicho natakiwa kuona.

Kwanza kichwa cha grafu. Usirukie mwili.
Kisha mhimili mlalo: miaka.
Mhimili wima: vitanda vilivyolaliwa, kwa asilimia.
Kisha maandishi madogo kule chini,
yaliyojibanza kama riba ya kitu cha mkopo.
Ndipo useme. Kwa sauti. Bila "nadhani".

Neno pau nililijua kabla ya grafu.
Ziko juu yangu hapa Muyeye, za mkoko,
mjomba Kitsao alizikaza kwa kamba ya usumba
makuti yakapata pa kulala.
Pau ya paa ikipungukiwa, mvua itakueleza.
Pau ya karatasi ikipungukiwa,
wewe ndiwe wa kueleza.

"Anza!"

Hoteli ya mfano, ufuo wa mfano, pau saba.
Ya nne imekatika kama kisigino.
Nakaribia kusema imeporomoka mpaka chini,
kisha naukagua mguu wa mhimili:
haukuanzia sufuri. Umeanzia thelathini.
Mtego huo. Nimeuruka.
"Wageni walishuka kutoka asilimia sabini na mbili
hadi thelathini na sita, yaani nusu.
Tangu hapo wanapanda, lakini hawajafika walikotoka."

"Kwa hiyo?"
Nilimfundisha mwenyewe: kila nikitua, uliza kwa hiyo.

"Kwa hiyo hoteli isikimbilie kushusha bei.
Ianze na gharama. Pale kwenye kufua, kwa mfano,
mishahara ni ile ile, mashuka ni nusu..."

Nikaisikia sentensi yangu
ikipita mlangoni kwa viatu vipya,
ikamruka mama na ungo wake wa mchicha.

Mwaka wa pau ya nne
mama alirudi nyumbani saa tano asubuhi,
sare yake ya dobi ndani ya mfuko wa karatasi,
imepigwa pasi.
Hakuna aliyemwambia aipige.
Nyevu alikuwa anajifunza kufunga kamba za viatu.

"Sekunde kumi. Kwa hiyo?"

Mama hakuinua uso.
"Hoteli haikufungwa," alisema, akiambia mchicha.
"Mashuka yalikuja. Machache, lakini yalikuja.
Tulikuwa kumi na wawili kwenye zile mashine.
Wakabakiza watatu.
Salama mkono wake haujanyooka mpaka leo."

Kumi na wawili. Watatu.
Nilipiga hesabu, sikuweza kujizuia:
wageni nusu, mikono robo.
Kila aliyebaki alifua mzigo wa wawili.
Na zile pau tatu za mwisho, zinazopanda vizuri,
zilipanda juu ya mikono mingapi?
Karatasi haina mhimili wa hilo.

Niligeuza nyuma ya kitabu, penye majibu.
*Punguza wafanyakazi.* Mstari mmoja, nukta.
Kumbe nilikuwa nimepata.

"Muda umekwisha," Nyevu akasema. "Na hukumaliza."
"Sikumaliza."
"Andazi langu liko pale pale lakini."

Nilichukua kalamu, pembeni mwa jibu nikaandika:
uliza waliobaki ni wangapi.
Jumanne nitauliza. Wakikunja uso, wakunje.

Ukurasa wa pili ni chati ya duara,
vipande vitano, kimoja hakina jina.
Mama amefuta mikono kwa leso,
amesogeza kigoda mpaka goti lake limegusa langu.
Anakitazama kitabu kama anayetafuta doa.

"Hii nayo," auliza, "kichwa chake kinasemaje?"