Mapato ya Mlangoni

Tiketi mia mbili na kumi na mbili.
Nimezihesabu mara tatu, mate yamenikauka kidoleni,
na kila mara ni zilezile, haziongezeki kwa huruma.
Toa ya uwanja. Toa ya askari wanne
waliokuja kulinda nafasi tupu.
Toa ya waamuzi na nauli yao, toa ya gari la wagonjwa,
toa ya chama cha mkoa, toa ya chokaa ya mistari.
Kilichobaki ni maji ya kunywa,
na hayo maji tumeyakopa kwa Mama Siwatu.

Mimi ndiye mweka hazina wa Makangarawe Rangers.
Ukicheka, cheka taratibu.
Hazina yenyewe ni kopo la maziwa ya unga,
na kufuli lake lina thamani kuliko kilichomo.

Mji huu mtoto huzaliwa na rangi yake:
kijani kwa baba, nyekundu kwa mjomba,
ugomvi umeshapangwa kabla ya arobaini.
Sisi jezi zetu ni zambarau,
kwa sababu kitambaa kile kilikuwa kwenye punguzo.
Hakuna aliyezaliwa zambarau.

Nilikwenda Gerezani kwa Bwana Devshi, muuza mabomba,
aliyetuvalisha mwaka juzi.
Akanikalisha, akanipa soda,
akanieleza habari za binamu yake wa Kalkata
ambaye naye, Mungu amsaidie, ana timu.
"Kule nako ni hivyohivyo, bwana.
Pesa yote iko kwenye kriketi,
mpira una timu mbili za enzi za mababu,
waliobaki wanacheza mbele ya kunguru."
Nikamaliza soda. Nikalamba mfuniko.
Udhamini haukutajwa tena.

Hatua sitini kutoka goli la kusini
lipo banda la Kidagaa: shilingi mia tano,
mabenchi ya mbao, feni moja, Ulaya nzima ukutani.
Leo wamejaa hadi dirishani.
Dakika ya kumi na nane mabati yakanguruma kwa shangwe
na Athmani Likwata, winga wetu wa kushoto,
akainua mkono kushukuru,
kisha akaushusha polepole
akajifanya anajikuna shingo.

Dakika ya sitini na sita
umeme ukakatika.

Banda likatapika watu.
Wakaja wakisonya, wakimlaani Kidagaa na ukoo wake,
wakajipanga kwenye kamba, wakapanda ukuta wa choo.
Nikakimbia na kitabu changu cha tiketi,
nikafika, nikasimama.
Utamtozaje mtu aliyeletwa na hasara?

Hapo Likwata akaupokea kwa kifua,
akamwacha beki akitafuta kiatu chake,
akapiga.
Mwamba.
Na ule mguno, *aaah*, wa vifua mia tatu kwa pamoja,
ulitoka hapa, kwenye vumbi letu,
ulinipita mwilini kama homa.
Niliangalia kopo langu. Halikuwa limesikia kitu.

Dakika kumi baadaye feni ikaanza kuzunguka.
Wakarudi walikotoka, haraka, bila kuaga,
kama maji yaliyopata tundu.
Alibaki mtoto mmoja juu ya ukuta wa choo,
mgongoni ana jina la mtu ambaye hajawahi kunusa Tandika.
Akaniuliza: "Yule wa kushoto anaitwa nani?"
"Likwata," nikasema. "Athmani Likwata.
Jumatatu hadi Ijumaa anatengeneza feni.
Ile ya bandani ni kazi yake."
Akalirudia jina kimyakimya, midomo ikicheza,
kama anayejifunza namba ya simu.

Suluhu. Bila bila.

Usiku nimefungua daftari.
*Watazamaji: mia mbili na kumi na wawili.*
Nimekaa nalo kitambo, taa ikivuta mbu,
halafu nikafuta ile mbili ya mwisho
nikaandika tatu, kwa penseli.
Mkaguzi akija
atauliza pesa ya huyo mmoja iko wapi.